Genge Mbele ya Mahakama ya Shirikisho: Sheria ya RICO katika Dallas, Fort Worth na Houston

Sheria ya RICO, ambayo Rais Richard Nixon aliitia saini tarehe 15 Oktoba 1970 ikiwa sehemu ya sheria pana ya kudhibiti uhalifu wa kupangwa, ilitungwa ikiwalenga mafia, yaani zile familia za wahalifu zilizokuwa zimejipenyeza katika vyama vya wafanyakazi, bandari na biashara halali za miji mikubwa ya Marekani. Zaidi ya nusu karne baadaye, sheria hiyo hiyo ndiyo ambayo waendesha mashtaka wa shirikisho katika Dallas, Fort Worth na Houston huitegemea wanapotaka kulifikisha mahakamani genge zima la mtaani au la gerezani badala ya kumshughulikia mwanachama mmoja mmoja. Safari yake kutoka shabaha ya kwanza hadi hii ya sasa inaeleza mengi kuhusu nguvu yake, na pia kuhusu mahali ambapo nguvu hiyo inaweza kumwonea mtu.

Tatizo lililowasumbua watunga sheria wa wakati ule lilikuwa hili, kwamba mkuu wa genge hachomi nyumba wala hashiki bunduki, bali hutoa amri ambayo hupita kwa watu wawili watatu kabla ya kumfikia mtendaji, na sheria ya jinai ya kawaida, ambayo hutazama tendo moja lililofanywa na mtu fulani siku fulani, ilimnasa mtendaji ikamwacha mwenye amri. Tarehe 14 Novemba 1957 polisi wa jimbo la New York waliufumania mkutano wa wakubwa wa mafia katika kijiji cha Apalachin, na miongoni mwa waliohudhuria alikuwamo Joseph Civello wa Dallas, jambo lililodhihirisha kwamba mtandao huo ulikuwa umefika hadi Texas. Seneta John McClellan wa Arkansas alisimamia uchunguzi na mijadala iliyofuata, na mwanasheria G. Robert Blakey ndiye aliyeandika rasimu ya kifungu kilichokuja kuitwa RICO, akiweka ndani yake wazo ambalo lilikuwa geni katika sheria ya jinai: kwamba kosa linaweza kuwa ni kuendesha shughuli za asasi kwa njia ya mfululizo wa uhalifu, na kwamba uhalifu huo wote unaweza kusimuliwa mbele ya mahakama moja.

Ili mtu atiwe hatiani chini ya RICO, upande wa mashtaka hauna budi kuthibitisha mambo kadhaa kwa pamoja. La kwanza ni kuwapo kwa asasi, ambayo inaweza kuwa kampuni, chama, ofisi ya umma, au hata kundi la watu lisilosajiliwa popote lakini lililoungana kwa lengo moja. La pili ni kwamba shughuli za asasi hiyo zinagusa biashara kati ya jimbo na jimbo, sharti ambalo kwa kawaida hutimizwa kwa urahisi, kwa kuwa bunduki iliyotengenezwa nje ya Texas au dawa za kulevya zilizovuka mpaka huweza kutosha. La tatu, ambalo ndilo moyo wa sheria yenyewe, ni mfululizo wa makosa, yaani angalau makosa mawili yaliyotendwa ndani ya miaka 10, yenye uhusiano kati yao na yanayoonyesha kwamba uhalifu huo unaendelea au unatishia kuendelea, kama Mahakama ya Juu ya Marekani ilivyofafanua mwaka 1989. Makosa yanayohesabika yameorodheshwa katika sheria: mauaji, utekaji nyara, uchomaji wa majengo, unyang'anyi, kutoza watu fedha kwa vitisho, rushwa, kamari haramu, biashara ya dawa za kulevya na mengineyo mengi. Sehemu kubwa ya makosa ya ukatili katika orodha hiyo hupimwa kwa sheria ya jimbo, kiasi kwamba uuaji uliovunja sheria ya Texas huwa tofali moja katika ukuta wa kesi ya shirikisho. Aidha, muda ambao mshtakiwa aliutumia gerezani hauhesabiwi katika ile miaka 10, na kipengele hiki, ambacho huonekana kidogo kikisomwa kwenye karatasi, kina uzito mkubwa katika jimbo ambalo magenge yake mengi yalizaliwa ndani ya magereza.

Haikuwa wazi tangu mwanzo kwamba kundi ambalo halina biashara yoyote halali linaweza kuitwa asasi. Mwaka 1979 serikali iliwashtaki chini ya RICO wanachama wa klabu ya waendesha pikipiki ya Hells Angels huko California, lakini kesi hiyo haikufanikiwa kumtia hatiani kiongozi wao, Sonny Barger. Miaka miwili baadaye, katika shauri la Turkette la mwaka 1981, Mahakama ya Juu ilikata shauri kwamba asasi ya RICO inaweza kuwa ya kihalifu mwanzo hadi mwisho, na hapo ndipo mlango ulipofunguka kwa kesi za magenge ya mitaani. Mwaka 1984 Bunge liliongeza kifungu dada, ambacho wanasheria hukiita VICAR, kinachomwadhibu mtu anayeua, kuteka nyara au kujeruhi ili alipwe na asasi ya aina hiyo, au ili apate, alinde au akuze cheo chake ndani yake. Tofauti kati ya vifungu hivi viwili inafaa kuzingatiwa: RICO huadhibu kwa kifungo cha hadi miaka 20, au maisha ikiwa kosa mojawapo la msingi lina adhabu ya maisha, pamoja na kutaifisha mali iliyotokana na uhalifu, ilhali mauaji chini ya VICAR yana adhabu mbili tu, nazo ni kifungo cha maisha au kifo.

Jiografia ya Texas ndiyo inayofanya sheria hii ivutie zaidi. Mashtaka ya jinai ya kawaida huendeshwa na ofisi ya mwendesha mashtaka anayechaguliwa na wapigakura wa kaunti yake, iwe Harris kwa Houston, Dallas kwa Dallas, au Tarrant kwa Fort Worth, na kila ofisi ina bajeti yake, mafaili yake na mipaka yake, wakati genge lenyewe halina mipaka ya namna hiyo. Mahakama za shirikisho nazo zimegawanywa katika wilaya nne katika jimbo zima, Dallas na Fort Worth zikiwa katika Wilaya ya Kaskazini na Houston katika Wilaya ya Kusini, huku kaunti za Collin na Denton, ambazo ni vitongoji vya Dallas kwa maana ya maisha ya kila siku, zikiangukia Wilaya ya Mashariki. RICO huruhusu mauaji ya Fort Worth, moto uliowashwa Houston na mzigo wa dawa uliokamatwa njiani viandikwe katika hati moja ya mashtaka, mradi vyote vilikuwa kazi ya asasi moja. Kwa sababu uwezo huo ni mkubwa, hakuna mwendesha mashtaka wa wilaya anayeruhusiwa kufungua kesi ya jinai ya RICO kwa uamuzi wake mwenyewe. Ni lazima apate kwanza kibali cha Wizara ya Sheria mjini Washington, na baada ya hapo hati yake ipitishwe na baraza la raia kati ya 16 na 23, ambao angalau 12 kati yao wakubali kwamba kuna sababu ya kushtaki.

Barabara kuu ya I-45, inayounganisha Dallas na Houston, hupita Huntsville, mji ambao ndio makao ya mfumo wa magereza wa Texas, na yeyote anayetaka kuyaelewa magenge ya miji hii mikubwa hana budi kuanzia hapo. Kwa miongo mingi magereza hayo yaliendeshwa kwa kuwatumia wafungwa wababe kama wasimamizi wa wenzao, utaratibu ambao ulizuia vurugu kwa kuzihalalisha katika mikono ya wachache. Mfungwa mmoja alifungua shauri mwaka 1972, likasikilizwa Houston kuanzia mwaka 1978, na mwaka 1980 Jaji William Wayne Justice aliamua kwamba hali ya magereza ya Texas ilikuwa ukatili unaokatazwa na katiba, akaagiza mageuzi ambayo yaliwaondolea wababe hao mamlaka. Uamuzi ulikuwa wa haki, wala hakuna sababu ya kuujutia, lakini serikali ya jimbo ilichelewa mno kuajiri askari wa kutosha wa kujaza nafasi iliyoachwa, na makundi ya wafungwa yaliyojitenga kwa misingi ya rangi na asili yakaijaza. Katika miaka miwili ya 1984 na 1985 wafungwa 52 waliuawa na wafungwa wenzao.

Aryan Brotherhood of Texas, kundi la wafungwa Wazungu wanaoamini ubora wa rangi yao, ni mtoto wa kipindi hicho. Lilianzishwa mwanzoni mwa miaka ya 1980 likiiga jina na kanuni za kundi jingine lililozaliwa katika magereza ya California miaka ya 1960, na kadiri wanachama wake walivyomaliza vifungo na kurudi uraiani, itikadi ya rangi ilizidi kumezwa na biashara ya dawa ya methamfetamini, unyang'anyi na wizi. Lilikuwa na kila kitu ambacho mwendesha mashtaka wa RICO angetamani kukiona: kanuni zilizoandikwa, ngazi za vyeo, majimbo matano ya uongozi ambayo kila moja lilikuwa na mkuu aliyeitwa jenerali, wadhamini wa kumtambulisha mgeni, kipindi cha majaribio ambacho mgeni huyo alichunguzwa mwenendo wake, na desturi ya amri ya moja kwa moja ambayo mwanachama aliyeipokea alipaswa kuitekeleza, la sivyo aadhibiwe mwenyewe kwa kipigo au kifo. Novemba 2012 hati ya mashtaka ya RICO dhidi ya watu 34 ilifunguliwa hadharani mjini Houston, ikiwa imewakusanya pamoja majenerali na watendaji wa chini, na kabla ya mwisho wa mwaka 2014 idadi ya waliotiwa hatiani katika kesi hiyo ilikuwa imefika 36.

Kilichotokea katikati ya kesi hiyo, katika Kaunti ya Kaufman iliyo mashariki mwa Dallas, hakipaswi kusahauliwa na yeyote anayeandika kuhusu magenge. Tarehe 31 Januari 2013 Mark Hasse, mwendesha mashtaka msaidizi wa kaunti hiyo, alipigwa risasi na kuuawa akitembea kuelekea mahakamani, siku ile ile ambayo wanachama wawili wa Aryan Brotherhood of Texas walikiri makosa yao Houston. Na tarehe 30 Machi mkuu wake, Mike McLelland, aliuawa nyumbani kwake pamoja na mkewe Cynthia. Ofisi ya Kaufman ilikuwa imeshiriki katika uchunguzi dhidi ya genge, na Idara ya Usalama wa Umma ya Texas ilikuwa imetoa tahadhari Desemba 2012 kwamba genge hilo lingeweza kulipiza kisasi, kwa hiyo hisia za nchi nzima zikaelekea upande mmoja, na mwendesha mashtaka mmoja wa shirikisho mjini Houston akajitoa katika kesi kwa sababu za usalama. Muuaji hakuwa genge. Alikuwa Eric Williams, hakimu wa zamani wa ngazi ya chini katika kaunti hiyo hiyo, ambaye Hasse na McLelland walikuwa wameendesha kesi dhidi yake mwaka 2012 kwa wizi wa vifaa vya kompyuta vya serikali na hivyo kumpotezea ofisi na leseni ya uwakili. Alihukumiwa kifo Desemba 2014. Genge lililokuwa na rekodi ya mauaji halisi lilitwishwa kwa wiki kadhaa, katika mawazo ya watu wengi, mauaji ambayo halikuyafanya, kwa sababu tu sifa yake ilitosha kuziba pengo la ushahidi.

Hatari hiyo ilionekana kwa ukubwa zaidi Waco, mji ulio kwenye barabara ya I-35 kusini mwa Dallas na Fort Worth. Tarehe 17 Mei 2015 ugomvi kati ya klabu mbili za waendesha pikipiki, Bandidos na Cossacks, uligeuka kuwa vita vya risasi katika mgahawa wa Twin Peaks. Watu tisa waliuawa, na polisi wakawakamata watu 177, ambao wengi wao waliwekewa dhamana ya dola milioni moja kila mmoja bila kutazamwa nani alifanya nini. Mwendesha mashtaka wa kaunti alitumia Sura ya 71 ya Kanuni ya Adhabu ya Texas, ambayo ni jibu la jimbo kwa uhalifu wa magenge, na ambayo humwongezea adhabu mtu anayetenda makosa fulani akiwa sehemu ya kundi la watu watatu au zaidi au akiwa mwanachama wa genge. Ni mshtakiwa mmoja tu aliyewahi kusimama kizimbani, kiongozi wa tawi la Dallas la Bandidos, na baraza la mahakama, yaani raia 12 wanaoamua ukweli wa kesi, halikuweza kukubaliana Novemba 2017. Aprili 2019 mashtaka yote yaliyobaki yalifutwa. Watu tisa walikufa mchana kweupe mbele ya mamia ya mashahidi, na hakuna hata mmoja aliyetiwa hatiani kwa vifo hivyo. Wakati huo huo watu wengi waliokuwa wamekwenda kula chakula na kukutana na wenzao walikuwa wamekwisha kupoteza kazi na miaka ya maisha yao.

Klabu hiyo hiyo ya Bandidos, iliyoanzishwa mwaka 1966 katika pwani ya Texas karibu na Houston, ilishughulikiwa kwa njia tofauti katika mahakama ya shirikisho ya San Antonio. Januari 2016 serikali ilimkamata rais wake wa kitaifa, Jeffrey Pike, mkazi wa Conroe kaskazini mwa Houston, pamoja na makamu wake, John Portillo, na kesi iliyosikilizwa kwa takriban miezi mitatu mwaka 2018 haikuhusu fulana za klabu bali matendo yaliyotajwa moja moja, yakiwamo mauaji ya mwaka 2006 mjini Austin ya mtu aliyetaka kufungua tawi la klabu hasimu, na shambulio la Desemba 2014 katika baa moja ya Fort Worth ambamo mtu mmoja aliuawa. Wanachama wa zamani walisimama kizimbani wakaeleza amri zilivyopita kutoka juu kwenda chini. Wote wawili walitiwa hatiani mwezi Mei na kuhukumiwa vifungo vya maisha Septemba. Ukilinganisha kesi hizi mbili, ya Waco na ya San Antonio, unaona kwamba ushindi haukutokana na ukali wa sheria, kwa kuwa sheria zote mbili ni kali. Ulitokana na kazi ndefu na ya kuchosha ya kuonyesha ni nani aliyeagiza, ni nani aliyetenda, na kwa nini tendo hilo lilikuwa la asasi na si la mtu binafsi.

Kazi hiyo huwa ngumu zaidi pale ambapo genge halina muundo. Tango Blast, ambalo Idara ya Usalama wa Umma ya Texas imekuwa ikiliweka katika daraja la juu la tishio, lilikua kutokana na wafungwa wa asili ya Kilatino kutoka Houston, Dallas, Fort Worth na Austin waliochoka kuamriwa na magenge ya zamani ya gerezani, hivyo wakaungana kwa miji yao bila katiba, bila jenerali na bila kiapo cha maisha. Kundi la namna hiyo ni asasi au ni majirani wanaojuana tu? Mahakama ya Juu ilitoa kipimo katika shauri la Boyle la mwaka 2009, lililohusu wezi wa benki wasio na uongozi maalumu, ikisema kwamba inatosha kundi liwe na lengo, uhusiano kati ya watu wake, na muda wa kutosha wa kufuatilia lengo hilo. Kipimo hicho ni chepesi, na pengine ni chepesi kupita kiasi, kwa sababu vijana waliokulia katika mtaa mmoja karibu siku zote watakuwa na uhusiano na muda, na linalobaki kupiganiwa ni lengo peke yake.

Wepesi huo huongezeka mtu anaposhtakiwa kwa njama ya RICO, ambalo ndilo shtaka linalotumika zaidi katika kesi za magenge. Chimbuko la kanuni yake liko Texas kwenyewe. Katika jela ya Kaunti ya Hidalgo, karibu na mpaka wa Mexico, mkuu wa polisi alikuwa akipokea dola 6,000 kwa mwezi kutoka kwa mahabusu wa shirikisho, na dola 1,000 zaidi kwa kila ziara ya faragha ya mwanamke wake, huku msaidizi wake, Salinas, akilinda mlango na kupokea zawadi za saa na gari. Baraza lilimwona Salinas hana hatia ya RICO yenyewe lakini ana hatia ya njama, na mwaka 1997 Mahakama ya Juu ilikubali kwa kauli moja, ikieleza kwamba mwenye njama si lazima atende yeye mwenyewe makosa mawili. Yatosha awe amekubali kwa kujua kwamba mpango huo utekelezwe. Kwa mwanachama wa cheo cha chini katika genge la Houston au Dallas, maana yake ni kwamba anaweza kufungwa kwa sababu ya makubaliano, hata kama mkono wake haukugusa damu, na ndiyo maana ushahidi wa makubaliano hayo unastahili kudaiwa kwa ukali usio na huruma.

Mahakama zenyewe zimeweka mipaka fulani. Mwaka 1992, katika shauri la Dawson lililohusu mwanachama wa kundi la Aryan Brotherhood huko Delaware, Mahakama ya Juu iliamua kwamba uanachama pekee, usiohusiana na kosa lenyewe, hauwezi kutumiwa kumwongezea mtu adhabu, kwa kuwa katiba hulinda uhuru wa kujiunga na wengine, hata wenye imani za kuchukiza. Mpaka mwingine ulitokana na wezi waliovamia vituo vya mafuta kaskazini mwa Texas. Sheria ya shirikisho humwongezea miaka 5, 7 au 10 isiyochanganywa na kifungo kingine mtu anayebeba, kuonyesha au kufyatua bunduki katika kosa la ukatili, na katika shauri la Davis la Juni 2019 majaji watano dhidi ya wanne waliamua kwamba sehemu moja ya maana ya kosa la ukatili ilikuwa na utata kiasi cha kutoeleweka na mtu wa kawaida. Mwaka huo huo Mahakama ya Rufani ya Mzunguko wa Tano, yenye makao New Orleans na ambayo uamuzi wake hufuatwa Texas, ilisema kwamba njama ya RICO peke yake haiwezi tena kubeba nyongeza hiyo.

Msomaji wa Afrika Mashariki ataona ukaribu na tofauti. Tanzania ina Sheria ya Uhujumu Uchumi na Makosa ya Kupangwa ya mwaka 1984, ambayo shtaka lake la kuongoza genge la uhalifu limezoeleka masikioni mwa wafuatiliaji wa habari za mahakama, na ambalo, kama njama ya RICO, huliangalia kundi kuliko tendo moja. Kenya ilichukua njia nyingine: Sheria ya Kuzuia Uhalifu wa Kupangwa ya mwaka 2010 inamruhusu waziri kulipiga kundi marufuku kwa jina kwa tangazo la gazeti la serikali, na Oktoba mwaka huo makundi 33 yalitajwa, Mungiki likiwamo na Baraza la Jamhuri la Mombasa pia, ambalo lilikwenda mahakamani na mwaka 2012 Mahakama Kuu ya Mombasa ikaiondoa marufuku hiyo. RICO haipigi kundi lolote marufuku. Bandidos walibaki klabu halali siku iliyofuata hukumu ya rais wao, na jambo hilo, ambalo wengine huliona kuwa udhaifu, lina faida ya kumlazimisha mwendesha mashtaka aanze upya kila mara kuthibitisha matendo.

Mbele ya kesi ya RICO mshtakiwa hukabiliwa na mazingira yasiyofanana na ya mahakama za kaunti. Sheria ya dhamana ya shirikisho ya mwaka 1984 humruhusu hakimu kumweka mahabusu mtu anayeonekana hatari kwa jamii, wala hakuna parole kwa makosa yaliyotendwa kuanzia tarehe 1 Novemba 1987, hivyo mtu aliyehukumiwa miaka 20 hutumikia sehemu kubwa mno ya miaka hiyo. Kwa sababu hiyo wengi huingia katika makubaliano ya kukiri kosa, na baadhi hukubali kutoa ushahidi dhidi ya wenzao kwa matumaini ya kupunguziwa adhabu. Ushahidi wa namna hiyo ndio unaofungua siri za genge, na pia ndio unaohitaji kutiliwa shaka zaidi, kwa kuwa anayeutoa ananunua uhuru wake nao. Kwa wahamiaji, wakiwamo Wakongo, Wakenya na Watanzania wanaoishi katika maghorofa ya kupanga ya mitaa kama Vickery Meadow mjini Dallas na Gulfton mjini Houston, kuna jambo jingine la kujua: kosa la RICO limo katika orodha ya makosa makubwa yanayomfanya asiye raia afukuzwe nchini, na tangu mwaka 2010 wakili analazimika kumweleza mteja wake athari hiyo kabla hajakiri. Mtu asiyekielewa Kiingereza ana haki ya mkalimani katika mahakama ya shirikisho kwa sheria ya mwaka 1978, na haki hiyo ni yake akiwa mshtakiwa au shahidi.

Mkazo wa serikali katika Houston umeongezeka katika miaka ya karibuni. Septemba 2022 Wizara ya Sheria ilitangaza mpango maalumu wa kupambana na uhalifu wa ukatili katika mji huo, waendesha mashtaka wa kitengo cha magenge cha Washington wakiungana na wenzao wa Wilaya ya Kusini, na Februari 2025 hati ya RICO yenye mashtaka 22 ilifunguliwa Houston dhidi ya watu 14 wanaodaiwa kuwa wanachama na washirika wa Bandidos, ikidai kwamba tangu mwaka 2019 walikuwa katika vita na kundi hasimu liitwalo B*EAST. Hati ya mashtaka ni madai, na kila mshtakiwa huhesabiwa hana hatia hadi itakapothibitishwa vinginevyo. Mshtakiwa anayechagua kwenda mbele ya baraza la mahakama hupimwa peke yake hata kama amekaa kizimbani na wenzake: raia 12 huulizwa, kwa jina lake na shtaka kwa shtaka, kama asasi ilikuwapo, kama yeye alijiunga na mpango wake kwa kujua, na ni makosa gani hasa alikubali yatendwe, na hawawezi kumtia hatiani kwa shtaka lolote bila kukubaliana wote.